Miguu ya Sindano

Kuku wa mama mkwe alinichoropoka mikononi nikimkabidhi, akakimbilia kwenye majabali nyuma ya nyumba yetu ya Buhare. Kwetu mgeni wa heshima anapewa kuku mzima kwanza amwone, ndipo kuku achinjwe. Na siku hiyo majirani walikuwa wamejaa uani.

"Hata kuku anaikimbia nyumba hii," mama mkwe akasema. Tangu ashuke kwenye bajaji alikuwa akimsema Sindano, kale kambwa ketu kembamba ka mbio. "Mnamlishaga nini huyu? Mbavu zote nje! Kesho aondoke, watu watasema mwanangu ana njaa."

"Mama, uzao wao ndivyo ulivyo," nikamwambia.

"Uzao wa njaa?" Watu wakacheka.

Nilikuwa nimeshamnyanyua Sindano, yuko kifuani kwangu, anatetemeka. Daktari wa mifugo alishanionya kwamba akiruka vibaya, mguu wake utavunjika tena. Niliupapasa pale ulipoungia. Kidole changu kilikuwa kinene kuuzidi.

Nikamwachia.

Jamani, mwili ule! Ulijikunja, ukafunguka, ukapita juu ya majabali kama maji. Alimbana kuku kwa kifua, hakumng'oa hata unyoya. Uani watu wakainuka, hata wale wenye maneno yao.

Mama mkwe alikuwa wa kwanza kumfikia. Alipapasa ile miguu, mmoja baada ya mwingine.

"Mizima," akasema. Akafungua kitenge cha begani, akambeba Sindano mgongoni.

Kuku akajiondokea zake, hakuna aliyemfuata.