Tembo Alala Shimoni

Sogeeni, wajukuu zangu. Palikuwa na kilima chenye chumvi tumboni. Muhanga alichimba humo, na wanyama wadogo wakaishi katika mashimo yake, ingawa maji yalikuwa mbali. Desturi yao ilikuwa moja: ukichimba, unalala humo na wanao kabla ya kuchimba tena.

Akaja Tembo na mwanawe kutoka mbali, ana hamu ya chumvi. "Niacheni nichimbe," akasema, "nami nitawachimbia bwawa."

Nguchiro, mkuu wa kilima, akachekelea. "Karibu, mama! Desturi ni yetu sisi wadogo. Wewe hulali shimoni."

"Analala," akasema Muhanga.

"We bibi, utamfukuza mgeni!"

"Simfukuzi, mwanangu. Kiu hata mimi ninayo. Lakini kilima kikianguka, hayo maji tutayanywa tukikaa wapi?"

Tembo akacheka mpaka masikio yakapepea. "Kulala tu? Nitalala!"

Akapiga pembe ukutani, puu, puu, akakomba chumvi hadi jioni. Kisha akaingia kulala na mwanawe. Udongo ukamdondokea mtoto puani.

"Mama, huku juu kumeshikwa na nini?"

Tembo akatazama juu, asione nguzo hata moja. Akamtoa mtoto nje haraka, akamwendea Muhanga. "Dada, nyinyi mnaachaje nguzo? Nionyeshe."

Tangu hapo akachimba taratibu, akiacha nguzo nene za udongo. Bwawa nalo akalichimba, na wa kwanza kunywa alikuwa Nguchiro.

Kilima bado kimesimama. Ukipita pale jioni utasikia mkoromo mzito ndani yake. Usiogope, ni Tembo na wanawe.