Koi Wasiosemeshwa

Sheria ya siku hizi inamtaka kila anayeishi peke yake afuge koi, samaki wa rangi anayeitambua sauti yake. Asubuhi ikipita majirani hawajasikia samaki akiitwa, watu wa mtaa wanakuja kuvunja mlango waone kama mwenyewe yu hai. Sisi tunaowauza tumesamehewa sheria hiyo, na hatuongei nyumbani. Koi aliyezoea sauti ya muuzaji hana mnunuzi.

Tangi langu liko sebuleni. Pampu inapandisha maji kwenye mchicha uliooteshwa juu yake, mizizi inayachuja, yanarudi yakiwa safi. Tangu mume wangu afariki, humu ndani inasikika pampu tu.

Mwezi uliopita Hadija, jirani wa nyumba ya pili, aliniletea koi wa shangazi yake marehemu.

"Mama, shangazi alikuwa anamwita hivi: 'Haya Nuru, chai tayari.' Nuru ni binti yake aliyetangulia."

Niliitikia kwa kichwa, nikamtia tangini na wenzake.

Kesho yake, nikimimina chai, maneno yakanitoka.

"Haya Nuru, chai tayari."

Koi yule akapanda juu, mdomo wazi. Nilipaswa kumtoa palepale, maana koi huigana. Badala yake nikamwita tena. Jioni nikamwita, na kesho yake, na keshokutwa.

Leo amekuja mteja, binti aliyehamia mtaani juzi.

"Shikamoo mama. Natafuta koi asiyesemeshwa."

"Marahaba, mwanangu. Wameisha."

Akachungulia nyuma yangu, akanyoosha kidole. Nikageuka. Koi wa tangi zima walikuwa wamepanda juu, midomo wazi, wakisubiri niseme tena.