Chombo cha Nesta

"Ni wewe," Nesta alisema, akamgeuzia Kefa kioo cha kompyuta. "Mfumo umekwama saa tatu asubuhi. Saa tatu ulikuwa humu peke yako."

Kefa alimtazama kwa chuki ya wazi. Programu ya kufuatilia malori ya Makame, kutoka Tunduma hadi Lubumbashi, aliiandika yeye. Nesta kaja juzi tu na chombo chake, programu ndogo ya kuichunguza ile ya Kefa: ikikwama, kinaonyesha imekwama wapi na saa ngapi. Tangu siku hiyo Kefa hajapumua.

"Bosi, hiki kidude kinasoma kila kitu," akamwambia Makame, aliyesimama mlangoni amenuna. "Wateja, mizigo, bei. Kutafuta kosa kunahitaji majina ya wateja?"

"Kosa linaweza kuwa popote," Nesta akajibu. "Labda kuna mtu anaogopa kusomwa."

Makame hakuwa na subira na watu wa kompyuta. Malori yake yalikuwa yamekwama mpakani, na madereva walikuwa wakimpigia simu za matusi. "Kefa, kusanya vitu vyako," akasema.

Mkewe alikuwa mjamzito kule Iyula, na kazi ya namna hii haikuwapo nyingine Tunduma nzima. Akaangalia saa ya ukutani: saa sita kasorobo. Akaangalia saa ya chombo cha Nesta kwenye kioo: saa tano kasorobo.

"Hiyo ni saa ya Zambia," akasema taratibu.

Nesta akaonyesha simu iliyokuwa ikiipa kompyuta intaneti. "Natumia laini ya Zambia. Bando lao rahisi."

Nusu ya mji hufanya hivyo, na nusu hiyohiyo hukosa mabasi, maana saa ya Zambia iko nyuma kwa saa moja. Makame mwenyewe aliwahi kukosa harusi kwa ajili hiyo.

"Basi saa tatu yake ni saa nne yetu," Kefa akasema, sauti ikipanda. "Saa nne tulikuwa wote yadi, bosi, tunakagua matairi. Aliyebaki humu ni yeye."

Makame alimtimua Nesta palepale, hata chai hakumalizia. Kefa alimfungulia mlango kwa furaha mbaya. Chombo, hata hivyo, Makame alikataa kifutwe.

"Kirekebishe saa, ukitumie wewe," akasema. Kefa akaketi, akaongeza saa moja, akajiona mwanaume.

Nesta alivuka mpaka kwa miguu hadi Nakonde, upande wa Zambia, akaingia ofisi ya mshindani mkubwa wa Makame. Mezani kulikuwa na kompyuta iliyowashwa, na kila kilichosomwa na chombo kilikuwa kikitua humo: malori ya Makame, bei zake, mteja wa kila mzigo.

"Wamekushtukia?" mwenye ofisi akauliza.

"Wamenifukuza," Nesta akasema, akivuta kiti. "Chombo wamebaki nacho. Kefa ndiye anayekitunza."