Fungate ya Wubalem

Haya, tegueni hiki: fungate yangu wanaila wengine kila wiki, nami bado ninayo nzima.

Wubalem aliwapangia maharusi safari za milima ya Simien, na mumewe ndiye aliyekuwa dereva. Asubuhi moja bibi harusi mmoja alimchokoza: "Mama, sisi unatupangia fungate. Wewe yako ulipelekwa wapi? Au iliishia jikoni?"

Wubalem alicheka tu, akapanda gari pamoja na maharusi hao.

Saa saba walisimama ukingoni mwa genge, wakatandika chakula. Mzee dereva akamega mkate mwembamba wa injera, akauchovya kwenye mchuzi, akafinyanga tonge kubwa kama ngumi, akalipeleka kinywani mwa mkewe. Naye akaachama bila hata kugeuka, macho yake yakiwa bondeni.

"Weee! Tonge lile!" Bibi harusi akamsukuma mumewe kwa kiwiko. "Umewaona wenzako? Ila mama, mahali pazuri hivi mlipajuaje?"

Wubalem akatafuna mpaka likaisha, akajifuta mchuzi kidevuni.

"Asubuhi uliniuliza nilipelekwa wapi, mwanangu. Nilipelekwa hapa, kwa miguu, na punda wa kuazima. Na kila mtakapolala wiki hii, tulilala sisi kwanza."