Kioo cha Bi Zuhra

Miaka ishirini Shemdoe amewabeba wageni mgongoni, kwenye kiti cha mbao, kuwapandisha mlimani wakaone bonde. Mgeni hukaa ameelekea nyuma, bonde zima likimfungukia. Shemdoe huona mawe, mizizi na vidole vya miguu yake. Njia ni nyembamba; mwenye mzigo hageuki.

"Subhanallah!" alisema Bi Zuhra, mgeni wa leo kitini, bibi mwepesi kama tenga tupu. "Na wewe unaishi humo?"

"Mwisho leo, bibi. Kesho tunahama. Kule chini ni matope na mbu, basi."

Hakumwambia kwamba mkewe, Nasemba, hajamsemesha siku ya tatu, tangu Shemdoe aamue wahame, wala kwamba alfajiri Shemdoe aliifunga mikeka yao kwa kamba yeye mwenyewe.

Bi Zuhra alitoa kioo cheusi, kile ambacho wageni hutembea nacho ili kutazamia mandhari iliyo nyuma yao, akakipitisha juu ya bega hadi mbele ya uso wa Shemdoe.

Shemdoe akasimama. Ukungu ulikuwa ukijikunja juu ya mto kama maziwa yanayokaribia kuchemka. Migomba. Moshi. Paa lake, dogo kama kiota. Na uani, mikeka yote imetandazwa juani, myekundu, na katikati yake mtu amekaa, amenyoosha miguu.

"Mkono unachoka, baba. Twende?"

"Kidogo tu, bibi. Usikiondoe."

Yule mtu kiooni aliinua mkono, labda kukinga jua, labda kumwita. Shemdoe akabana pumzi, kioo kisije kikaingia ukungu.