Nyundo au Pula

Mwanamke mwenye wivu mimi namjua hata akiwa amenipa mgongo, kwa jinsi anavyofagia tu. Ila huyu tulipakana ukuta, na miaka yote nilikuwa nikimwita malaika.

Siku hiyo malaika alikuwa dukani kwa muuza vyuma, amekumbatia nyundo kama amebeba mtoto.

"Chukua hii, baba watoto. Nyundo na kipande cha nondo, beringi gani itakataa kutoka?"

Mumewe, fundi baiskeli, hakumsikia. Alikuwa akigeuzageuza pula: bolti ndefu yenye vikombe viwili, kimoja cha kusukuma beringi, kingine cha kuipokea ikitoka kwenye fremu.

"Nyundo inaitoa vipandevipande," alisema muuza vyuma. "Ukikosea pigo moja, fremu imepata ufa. Pula inaitoa nzima, kama jino."

"Nzima ya nini, na inatupwa?" mke akauliza.

"Nataka niione ndani," fundi akasema. "Beringi za yule dada hazidumu. Nikijua kinachoziua, nitalala usingizi."

Yule dada! Mke akaitua nyundo kwa kishindo. Yule dada alikuwa mshindani wa baiskeli za milimani, ana mapaja ya kukanyagia pedali na meno ya kuchekea waume za watu. Akishuka mlimani tu, moja kwa moja gereji. Kiungo cha nyuma, hapa fremu inapokunjika kwenye beringi, kinalia, fundi. Kinakwaruza, fundi. Na fundi, ambaye hata harusini alikwenda na ndevu zake, siku hizi alinukia sabuni asubuhi na mapema.

Pula ikanunuliwa. Njia nzima mke alitembea mbele, akipiga teke kila kokoto.

Walimkuta mshindani anawasubiri mlangoni pa gereji, baiskeli begani.

"Shemeji, hujambo?"

Hiyo "shemeji" ilimchoma kama pasi. Hata hivyo alitabasamu, akamtolea kiti. Kwa mgeni huyu alikuwa mkarimu mno. Hata baiskeli yake, kila ilipolala gereji, aliiosha yeye mwenyewe bila kuombwa.

"Mdogo wangu," akamwambia kwa upole, "kwa nini usijaribu yule fundi wa stendi? Huyu wangu ana mkono mzito. Kazi yake si unaiona mwenyewe?"

"Mimi namwamini huyuhuyu," dada akajibu, meno yote nje.

Mke akainama sikioni kwa mumewe. "Anaziharibu makusudi, apate sababu ya kushinda hapa."

Fundi akaipokea baiskeli. Aliingiza bolti, akazungusha spana taratibu. Fremu ikatoa mlio mdogo, na beringi ikaangukia kwenye kikombe, nzima. Akabandua kifuniko chake cha mpira kwa ncha ya kisu.

Vigololi vilikuwa vimeota kutu na kushikana. Grisi imegeuka uji.

Dada akaacha kucheka. "Hii uliniwekea mpya juzijuzi, fundi. Niliangalia kwa macho yangu."

"Ilikuwa mpya." Sauti ya fundi ilikauka. "Matope hayali chuma hivi. Mvua haili hivi. Hii ni asidi ya betri, dada. Kiungo kingeshika ukiwa kwenye mteremko, tungekuokota vipande. Kuna mtu anataka kukuua."

Akamgeukia mkewe. "Wewe ndiye unayeiosha. Hujaona mtu akiigusa?"

"Mimi? Nitaona wapi? Mimi nafuta usukani na siti, basi. Hicho kiungo chenu hata sijui kiko upande gani."

Fundi akatoa simu, akabonyeza, akaiweka sikioni.

"Haloo, polisi? Kuna jaribio la mauaji hapa gereji. Mtu amemwaga asidi..."

"Asidi ya wapi, baba watoto!" Mke aliruka kumpokonya simu. "Si chumvi ya jikoni tu, tena kijiko kimoja!"