Kitanda cha Samadari

Katika mji ule, aliyetoa kitu kwa makumbusho alikitoa pamoja na kumbukumbu zake zote juu yake, ili kila mgeni akikigusa azione. Bi Mwanatumu alikwisha kutoa mbuzi ya nazi na mkufu wa bibi yake. Leo alitaka kutoa kitanda cha samadari cha harusi yao.

“Hicho hapana, mke wangu,” alisema Shebwana.

“Mchoyo we! Mji mzima utaiona harusi yetu.”

“Na wewe?”

“Si utanihadithia?”

Shebwana alicheka, akatia sahihi. Wachukuzi walipoondoka, Bi Mwanatumu alimletea kahawa, akajitanda mtandio kama mbele ya mwanamume asiyemjua.

“Karibu, kaka,” alisema kwa adabu.